Uyoga wa shina refu na kofia ndogo: tatizo ni hewa, si maji

"Shikamoo mtaalamu. Ninaishi Pasua, Moshi. Nimetengeneza hema la nailoni ndani ya stoo ya nyumba, mita 2 kwa 2, kwenda juu mita 2, nalima uyoga mamama (oyster). Nina mifuko 50: 30 imeshaanza kutoa, 20 niliipanda juzijuzi na bado inajaa utando mweupe wa uyoga. Mvuno wa kwanza mashina yalitoka marefu kama kidole cha kati, kofia hazizidi sarafu ya mia mbili. Jirani akasema maji hayatoshi, nikaongeza hadi mara sita kwa siku. Kofia zikaanza kutoa madoa ya njano na utelezi. Nikanunua feni ndogo ya mezani, naiwasha mchana kutwa ndani ya hema. Sasa vitoto vinakauka kabla ya kukua, na vichache vinavyopona bado ni shina tupu. Nikifungua nailoni unyevu unatoka, nikifunga yanarudi yale yale. Dirisha la stoo nimelifunga kwa sababu ya vumbi. Mama mkwe, ambaye chumba chake kinapakana na stoo, siku hizi anakohoa. Je, ninunue feni kubwa zaidi?"

Marahaba, mwanangu. Feni kubwa usinunue, na hiyo ndogo izime leo.

Unaona matatizo matatu: shina refu, madoa yenye utelezi, na vitoto kukauka. Umekuwa ukiyatibu moja moja, na kila dawa imezaa ugonjwa mpya. Jirani hakukusudia mabaya, maana uyoga kweli unapenda unyevu. Lakini shina refu lenye kofia ndogo halisababishwi na kiu. Uyoga wenye kiu hupasuka kingo za kofia, hukauka ncha na kubadilika rangi kuwa ya kahawia. Huo wako unarefuka kwa sababu umezungukwa na pumzi yake wenyewe.

Uyoga si mmea, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Mchicha na nyanya hutumia hewa ukaa kujitengenezea chakula wakipata mwanga. Uyoga hauna kijani cha majani. Chakula chake umeshauwekea mfukoni, yaani mabua, majani ya migomba au pumba ulizopandia, na kazi yake ni kuvimeng'enya. Katika kazi hiyo huvuta oksijeni na kutoa hewa ukaa, joto na mvuke, usiku na mchana, bila kupumzika. Hewa ya nje ya nyumba yako ina hewa ukaa kiasi cha sehemu 420 hivi katika kila milioni. Mamama anapotoa vitoto anataka isipite sehemu 1000 hivi. Ndani ya nailoni iliyofungwa, yenye mifuko 50, kiwango hicho kinapitwa upesi.

Sasa fikiria uyoga porini, umeota kwenye ubavu wa gogo lililolala katikati ya majani yaliyooza. Hewa ya hapo imetuama na imejaa hewa ukaa. Kofia ikifunguka hapo, mbegu zake laini kama vumbi, zile tunazoziita spora, hazitafika popote. Kwa hiyo uyoga hurefusha shina kwanza kutafuta penye hewa inayotembea, na kofia husubiri. Wako unafanya hivyo hivyo, ila hakuna pa kufika, kwa sababu hema zima lina hewa ile ile. Wakulima wa Japani wanaolima enoki, ule uyoga mweupe mwembamba unaouzwa kama fungu la nyuzi, huileta hali hiyo kwa makusudi: huacha hewa ukaa ipande, huweka baridi, na kupata mashina marefu yenye vikofia vidogo. Soko lao linataka hivyo. Lako linataka kofia.

Nadhani mkanganyiko umetokana na mafunzo ambayo huenda uliyapata kuhusu chumba cha giza. Ni kweli kwamba mifuko mipya, wakati utando mweupe unatambaa, inavumilia hewa ukaa nyingi kuliko ile ya wakati wa kuzaa, wala haihitaji mwanga. Wengi wanalichukua sharti hilo la wiki za mwanzo na kuendelea nalo hadi mwisho. Utando ukishajaa na ukafungua mfuko, mambo yanageuka: uyoga unataka hewa safi, mwanga kidogo na unyevu wa juu, vyote vitatu kwa pamoja. Ndiyo maana hiyo mifuko 20 mipya haipaswi kukaa humo. Utando unaotambaa kwa kasi unapumua kwa nguvu sana, kwa hiyo umeweka ndani ya hema chanzo kikubwa cha hewa ukaa jirani kabisa na vitoto visivyoitaka. Zaidi ya hapo inatoa joto. Itoe leo, iweke chini ya kitanda cha chumba kisichotumika au popote penye giza, pasafi na pasipo jua, ukiiachanisha upana wa kiganja ili joto lipite katikati. Usiibananishe. Joto la katikati ya mfuko hupita la chumba, na Moshi mwezi wa Januari au Februari, chumba kikiwa tayari na nyuzi 30, mifuko iliyobanana inaweza kujipika yenyewe.

Kuhusu feni. Panda Hiace iliyojaa, vioo vyote vimefungwa, kisha dereva awashe feni ya dashibodi. Upepo utausikia usoni, lakini unachovuta ni pumzi za abiria wenzako. Feni yako ya mezani inafanya kazi hiyo. Haileti hewa mpya hata kidogo, inaizungusha iliyomo, na kwa kuwa inavipiga vitoto moja kwa moja, inavinyang'anya maji. Kitoto cha ukubwa wa kichwa cha pini hakina akiba, saa chache za upepo wa moja kwa moja zinatosha kukiua. Kuzungusha hewa kuna faida yake, kwamba hakuachi kona yenye hewa mfu na kunasaidia kofia kukauka taratibu baada ya kunyunyizia. Lakini kunafaa pale tu ambapo hewa inabadilishwa kwanza, na upepo wenyewe uelekezwe ukutani au darini, uwe mdogo kiasi kwamba uzi mwembamba ulioning'inizwa karibu na mifuko unatikisika kidogo tu.

Kuna jambo jingine ambalo swali lako limeligusa kwa mbali: dirisha. Unaposema unafungua nailoni, inayoingia ni hewa gani? Stoo imefungwa, dirisha limefungwa. Unachanganya hewa ya hema na hewa ya stoo, na baada ya muda zote mbili zinakuwa sawa. Hema la ndani ya chumba linategemea chumba, na chumba kinategemea nje. Tiba inaanzia dirishani.

Kabla hujatumia hata senti moja, fanya jaribio hili. Chukua mifuko mitatu ambayo inakaribia kutoa vitoto vya mvuno unaofuata, iweke barazani penye kivuli, mahali unapoweza kusoma gazeti bila taa lakini jua halifiki. Ifunike kwa gunia bichi lililoinuliwa juu ya vijiti lisiguse uyoga, huku pembeni pakiwa wazi. Kuanzia vitoto vinapoonekana hadi kuvuna ni siku 3 hadi 5 hivi, kutegemea joto. Barazani kofia zikipanuka na mashina yakawa mafupi, wakati yaliyobaki ndani ni yale yale, umeshapata jibu kwa macho yako. Vikitoka virefu hata barazani, basi tuangalie mbegu uliyopandia au mfuko wenyewe. Na mwanga pia: stoo yenye giza hurefusha mashina kama hewa mbaya inavyofanya, na ukitibu hewa ukaacha giza utapona nusu. Kufungua dirisha kutakusaidia kwa yote mawili. Likiwa dogo sana, taa ya kawaida ya LED inayowaka mchana inatosha.

Sasa tufike kwenye kinachokusumbua zaidi, kwamba hewa ikiingia unyevu unatoka. Hilo ni kweli, wala halikwepeki. Huwezi kuuhifadhi unyevu kwa kuifungia hewa, kwa hiyo acha hewa ipite, lakini ipite ikiwa imelowa. Kata matundu manne ya upana wa kiganja chini ya ukuta wa nailoni unaoelekea mlangoni, na manne mengine juu kabisa kwenye ukuta wa pili, upande wa dirisha. Matundu ya chini yatundikie gunia la katani mbele, si la plastiki, linalowekwa maji asubuhi na mchana. Hewa inayopita kwenye gunia bichi inabeba mvuke na inapoa pia. Sakafuni mwaga mchanga safi au panga matofali ya kuchoma, uyaloweshe. Utashangaa jinsi unyevu utakavyotulia bila wewe kumwagia uyoga wenyewe maji.

Utasikia watu wakisema hewa ukaa ni nzito kwa hiyo hutuama sakafuni, toboa chini tu itoke. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kweli, lakini katika chumba huchanganyika, haikai tabaka kama maji kwenye ndoo. Matundu ya chini na ya juu nayashauri kwa sababu nyingine. Mifuko inatoa joto, hewa yenye joto hupanda na kutokea juu, na nyingine huvutwa chini. Siku ambayo ndani kumepoa kuliko nje kwa sababu ya magunia, mwendo unaweza kugeuka, hewa ikaingia juu na kutokea chini. Haidhuru. Muhimu ni kuwe na njia mbili, ya kuingia na ya kutoka, zikiwa mbalimbali. Kujua kama hewa inatembea kweli, washa kijiti cha udi uusogeze karibu na tundu. Moshi ukivutwa au ukisukumwa, sawa. Ukipanda wima bila kuyumba, hakuna kinachoendelea.

Matundu yazibe kwa kitambaa dhidi ya inzi wadogo weusi, maana hutaga kwenye mifuko na funza wao wanakula utando. Chandarua cha kawaida kina macho makubwa mno kwao. Tumia kitambaa chepesi kama cha pazia jembamba, na kwa kuwa kinapunguza hewa, ndiyo sababu nimekwambia matundu manne badala ya mawili. Kila wiki kifue. Vumbi la Pasua wakati wa kiangazi litakiziba bila wewe kugundua, na siku hiyo utaona mashina yanaanza tena kurefuka. Dirisha la stoo nalo lizibe kwa kitambaa hicho hicho badala ya kulifunga kabisa.

Mwenyewe umezaliwa chini ya mlima au umeolewa hapo, vyovyote vile utakuwa umesikia jinsi upepo unavyobadilika: mchana hewa hupanda kutoka tambarare kuelekea mlimani, ikiwa na joto na vumbi, na usiku hushuka kutoka mlimani ikiwa baridi. Itumie. Fungua kila kitu kuanzia jioni hadi saa tatu asubuhi, kisha mchana wa jua kali acha nusu ya matundu tu, magunia yakiwa yamelowa. Wakati wa masika hewa yenyewe ina maji, kwa hiyo acha wazi usiku na mchana na upunguze sana kunyunyizia. Kalenda ya maji ya mwezi wa pili haiwezi kuwa ile ya mwezi wa nne. Naona wakulima wengi wakifuata ratiba moja mwaka mzima kwa sababu ndiyo waliyoandikiwa kwenye karatasi ya semina, na inaniuma, maana hasara inawapata wao.

Je, feni ya kutoa hewa nje inahitajika kabisa? Kwa mifuko 30 yenye matundu na dirisha wazi, huenda isihitajike. Jaribu mvuno mmoja bila hiyo. Kama mashina bado ni marefu, hesabu ni hii. Hema lako lina mita za ujazo 8. Wakati wa kuzaa, lenga hewa yote ibadilishwe mara 4 hadi 6 kwa saa, yaani kama mita za ujazo 40. Feni ndogo ya kutoa hewa bafuni, ile ya upana wa inchi 4, au hata ya kompyuta ya volti 12, inatosha, kwa sababu hata ikipunguzwa nguvu na kitambaa bado inaweza kufikia kiasi hicho. Ikiwa kubwa kuliko haja, usiiache ikizunguka mfululizo. Weka swichi ya saa iwake dakika 15 na kuzima 15. Iweke juu, ivute hewa kutoka hemani, na bomba lake litokee nje ya dirisha. Ikifanya kazi utaona kuta za nailoni zimeingia ndani kidogo. Wapo wanaopendelea feni ya kusukuma hewa safi ndani kupitia kichujio, na kwa usafi wa uyoga njia hiyo ni bora, sikatai. Lakini ikisukumwa ndani, hewa ya hema hutafuta pa kutokea, nayo itatokea stooni na kuelekea chumbani kwa mama mkwe. Kwa nyumba yako mimi nachagua kuvuta. Nyaya na maji ni maadui, kwa hiyo mwite fundi umeme akufungie soketi nje ya hema, juu, mbali na matone.

Madoa ya njano yenye utelezi ni bakteria, na wanashamiri pale maji yanapolala juu ya kofia kwa saa nyingi bila kukauka. Mara sita kwa siku ndani ya hema lisilopitisha hewa ni kuwaalika. Punguza hadi mara mbili au tatu, ukungu mwembamba, ukielekeza kwenye kuta, sakafu na hewani, usivilenge vitoto. Kofia ikinyunyiziwa, ndani ya saa moja au mbili iwe imekauka juu, ing'ae kidogo tu. Zenye madoa ziondoe zote, zifukie mbali, na unawe mikono kabla ya kushika mfuko mwingine.

Kipimo cha unyevu kitakusaidia, na vile vidogo vya dijitali vinafaa ukivihakiki. Weka chumvi ya mezani kwenye kifuniko cha chupa, idondoshee maji iwe kama uji mzito, uifungie pamoja na kipimo ndani ya chombo kisichopitisha hewa kwa saa 8 au zaidi. Kinapaswa kusoma asilimia 75. Kikisoma 68, jua kinapunguza 7, na uongeze kichwani kila unapokitazama. Lenga asilimia 85 hadi 90. Vipimo vya hewa ukaa vya bei rahisi usivinunue, kwani vingi vinaikisia tu kutokana na harufu na mvuke, na hemani vitakudanganya. Uyoga wenyewe utakwambia.

Uliokwisha kurefuka hautarudi. Uvune. Usio na madoa unalika bila shida, ila mashina ni magumu: yachane membamba, yakaushe juani, uyasage unga wa kuungia mchuzi. Ukivuna, wahi kabla kingo za kofia hazijapinduka kwenda juu, kwa sababu zikipinduka ndipo spora zinamwagika kwa wingi. Hili linanileta kwa mama mkwe, na nakuomba ulishike kuliko yote niliyosema.

Vumbi la spora za mamama linaweza kuwasha mapafu. Baadhi ya watu wanaolivuta siku baada ya siku hupata mzio wa mapafu: kikohozi kikavu, kifua kubana, homa na uchovu vinavyokuja saa chache baada ya kukaa karibu na uyoga, na kupungua wakiwa mbali nao. Mzio huo ukiachwa uendelee miaka unaweza kuharibu mapafu kwa kudumu. Sisemi mama ana hilo. Kikohozi kina sababu nyingi, na kikizidi wiki mbili kinapaswa kuchunguzwa kama ni kifua kikuu pia. Mpeleke kituo cha afya wiki hii, na umwambie daktari waziwazi kwamba nyumbani mnalima uyoga ukuta kwa ukuta na chumba chake, kwa sababu asipoambiwa hatauliza. Akihema kwa shida au midomo ikibadilika rangi, usisubiri wiki, nendeni hospitali siku hiyo hiyo. Kwa sasa mhamishie chumba kingine, ziba nyufa za ukuta na chini ya mlango, na wewe mwenyewe uvae barakoa inayobana vizuri unapovuna. Ikithibitika kwamba ni uyoga, hakuna feni itakayotosha. Mradi utoke ndani ya nyumba.

Kusema kweli, hata pasipo kikohozi ningekushauri ufikirie kutoka. Banda dogo la nguzo chini ya kivuli cha migomba, paa la nyasi, kuta za magunia, lina hewa ya bure na ubaridi wa bure. Ubaya wake ni wezi, inzi wengi zaidi, na kwamba kiangazi utalowesha magunia mara nyingi. Na popote utakapokuwa, ikifika Juni na Julai mtu asikushauri uingize jiko la mkaa kupasha joto. Mkaa unakula oksijeni, unaongeza hewa ukaa, na unatoa sumu isiyo na harufu inayoua watu ndani ya vyumba vilivyofungwa.

Ukiona ukungu wa kijani kwenye mifuko, au jaribio la barazani likitoa uyoga wenye umbo baya vile vile, mwite afisa ugani wa kata yako aje aone kwa macho, na umwonyeshe mfuko mzima pamoja na kumbukumbu za joto, unyevu na siku ulizonyunyizia. Anaweza pia kukuunganisha na wataalamu wa TARI Tengeru, kituo cha utafiti wa kilimo. Picha ya simu haionyeshi harufu ya mfuko, na mara nyingi harufu ndiyo inayotoa jibu.